Jibu Langu Kuhusu Kaburi la Mama

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Bibi mpe shikamoo yake sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana najua unamsomea barua zangu akiwa karibu na moto, naye hapendi kusalimiwa mwishoni kama mgeni. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Mdogo wangu Kasiani ameacha kukohoa? Kahawa mmemaliza kuanika, au bado ipo vichanjani? Huku mimi na Shangazi tu wazima. Shangazi analalamika goti, lakini leo amekwenda kanisani kwa miguu na kurudi, kwa hiyo nadhani goti humuuma pale tu vyombo vinaposubiri kuoshwa.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Umeniuliza jambo moja, na sikulijibu kwa simu ingawa ulipiga mara mbili. Ulidhani mtandao umekatika. Mara ya kwanza ulikatika kweli. Mara ya pili nilikata mimi, Baba, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia na sebuleni kulikuwa na wageni wa Shangazi. Unisamehe.

Uliandika kwamba barabara ya lami itapita katikati ya shamba letu la mteremkoni, na kwamba kaburi la Mama limo ndani ya vigingi walivyopiga, kwa hiyo litahamishwa. Wajomba wa Kihagara wanataka Mama arudishwe kwao ziwani alikozaliwa. Katekista anashauri azikwe kwenye makaburi ya parokia, pasipo na ugomvi. Wewe mwenyewe hujui. Ukamalizia: "Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza, na sasa una akili za kidato cha tatu. Sema, nami nitasema utakachosema." Nimeikunja na kuikunjua barua hiyo mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Jibu nimelipata jana, mahali ambapo sikuwa nikilitafuta. Nitakusimulia siku yote ilivyokwenda, ili usije ukadhani nimeamua kwa haraka.

Mwalimu wetu wa Jiografia, Mwalimu Shukuru, alitupeleka matembezi ya siku moja kwenye milima ya Uluguru. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane. Tulikutana stesheni ya treni alfajiri, kila mmoja na chakula chake na koti la mvua kwa aliyekuwa nalo. Mimi nilivaa lile sweta la kijani alilolifuma Bibi. Rafiki yangu Zaituni, ambaye amezaliwa hapa hapa mjini, alinitazama akacheka.

"Mtu wa milimani, leo ndiyo siku yako," akasema. "Sisi wa hapa tukiona kichuguu tunakiita mlima."

"Utaomba kubebwa," nikamwambia.

"Nibebe basi. Nyie si mnabeba magunia ya kahawa?"

Treni hii mpya ni ya umeme, Baba, haina moshi wala kishindo. Kiti changu kilitazama nyuma tulikotoka, kwa hiyo kila kitu nilikiona kikishapita: nyumba, mikorosho, watu waliosimama na baiskeli zao. Wenzangu waliimba. Mimi nilikuwa na barua yako mfukoni. Zaituni aliniuliza mara mbili kama naumwa, nikasema hapana. Kabla saa mbili hazijatimia tulikuwa Morogoro, na milima hatukuiona kabisa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba, na manyunyu yakaanza.

Tulipanda basi dogo hadi mwisho wa barabara, kisha tukaanza kutembea. Mwalimu alimpa kila mmoja fimbo ya kujiegemeza njiani. Mpango wake ulikuwa tupande taratibu hadi kwenye maporomoko ya maji, tule pale, tushuke mapema na kuwahi treni ya jioni. Alituambia mara tatu kwamba treni haimsubiri mtu.

Njia ilikuwa nyembamba na inateleza. Wenzangu walianguka, wakacheka, wakaanguka tena, halafu wakaacha kucheka. Mimi nilipanda bila shida na nikaona aibu kidogo kwamba naona raha. Harufu ilikuwa ya nyumbani, Baba. Migomba iliyolowa, moshi wa kuni mbichi, udongo mwekundu. Nilijisahau nikatembea mbele ya Mwalimu.

Ndipo ukungu ukafunguka kidogo, nikaona mteremko wa ng'ambo ya kijito. Ulikuwa na mashimo. Yalikuwa yamepangwa mistari mitatu, yana udongo mpya ulioinuliwa pembeni, na majani yaliyofyekwa yamelazwa kando yake. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Zile ni ngolo. Kuna Wamatengo wenzangu hapa."

Mwalimu Shukuru akasimama. "Ngolo? Yale mashimo ya kulimia? Huku Uluguru? Una hakika?"

"Nina hakika, Mwalimu. Nimezichimba tangu nikiwa darasa la tatu."

"Mimi nimezifundisha miaka yote kwa kuchora ubaoni," akasema, na uso wake ukawa kama wa mtoto. "Sijawahi kuziona kwa macho. Twendeni, dakika kumi tu. Leo utafundisha wewe."

Baba, ningeweza kumwambia macho yamenidanganya. Ningesema labda. Maana hata kwa mbali nilijua kwamba ngolo haziwi ndefu namna ile, tena hazichimbwi majira haya. Lakini nilikuwa nimekaa wiki tatu na barua yako, na nilitaka sana kuona kitu cha kwetu. Niliwatoa watu kumi na wanane njiani kwa sababu hiyo.

Tulivuka kijito, tukapanda. Nilifika wa kwanza. Wenzangu walipokusanyika, niliruka ndani ya shimo moja lililonifika kiunoni ili waone vizuri, nikaanza kufundisha. Niliwaambia kwamba kwetu milima ni mikali, na ukilima ovyo mvua inachukua shamba lote na kulipeleka mtoni. Kwa hiyo baba hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, kama nondo za dirisha. Kisha mama anachimba udongo wa katikati ya kila dirisha na kuyafunika yale majani. Pembeni panakuwa tuta la kupandia maharage, katikati panabaki shimo. Mvua ikija, maji yanalala shimoni, hayakimbii na udongo. Nikainama, nikagusa chini ya lile shimo, nikasema, "Maji yanalala hapa, yanatulia." Mwalimu alikuwa akiandika kwenye daftari lake.

"Mbona hili lina kina kirefu?" Zaituni akauliza.

Nilikuwa nafikiria la kumjibu niliposikia sauti ya mtu mzima juu yetu. Haikuwa ya hasira.

"Toka humo, mwanangu. Humo alikuwa binti yangu."

Alikuwa bibi mmoja, amekaa juu ya jiwe, amejifunika kanga mbili na mfuko wa plastiki kichwani. Alikuwapo tangu tulipofika. Tulidhani ni mti uliokatwa.

Nilitazama miguu yangu. Mashimo yale yalikuwa makaburi, Baba. Yalikuwa yamefukuliwa kwa sababu kijiji kinajengewa tangi la maji pale, na wafu walikuwa wameshahamishiwa bondeni. Mashimo yalikuwa bado hayajafukiwa. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya moja nikiwafundisha watu kilimo.

Sikuweza kutoka mwenyewe, kingo za shimo zilikuwa zinateleza. Zaituni alinishika mkono mmoja, Mwalimu mwingine, wakanivuta. Nilikwenda mbele ya yule bibi nikapiga magoti kwenye tope, nikasema shikamoo, nikasema nisamehe, sikujua.

"Marahaba. Utajuaje, mgeni wewe?" akasema. "Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni shamba, bibi. Kwetu tunalima hivyo."

"Kwenu wapi?"

"Mbinga."

"Mbali. Na nani amekufundisha kulima?"

"Mama."

"Yuko?"

Nikasema hayuko. Halafu sijui kwa nini nikamwambia mengine yote, mbele ya wenzangu ambao hawakuwa wanajua. Nilimwambia kwamba naye kaburi lake litahamishwa, kwamba inakuja barabara. Nilimwambia kwamba Mama alifariki mchana kweupe kwenye gari lililokwama matopeni, tukiwa njiani kumpeleka hospitali ya Litembo, na kwamba barabara nzuri ingemfikisha. Kwa hiyo siwezi kuichukia barabara, bibi, nikasema, lakini nashindwa kuipenda.

Yule bibi hakusema pole. Aliuliza, "Wameshamtoa?"

"Bado."

"Basi uwepo."

Akanisimulia. Siku waliyofukua pale, yeye alikuwa mjini kutibiwa macho. Alikuwa ameambiwa ni wiki inayofuata, wakaja mapema. Aliporudi alikuta kazi imekwisha. Binti yake amezikwa upya bondeni, na kwa heshima kabisa, na saruji, na jina limeandikwa vizuri. Hana lawama kwa mtu. Kila siku mvua isipokuwa kubwa anapanda kuja kukaa pale.

"Lakini bibi, si yuko kule chini?" Zaituni akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Kule naambiwa yupo," akasema. "Hapa nilimwacha mwenyewe."

Kisha akanigeukia mimi. "Uwepo, mwanangu. Hata kama kazi yako itakuwa kushika ndoo tu."

Mwalimu alikuwa ametazama saa, lakini alisubiri. Kabla ya kuondoka nilichukua kijiti nikakwangua udongo wote uliokuwa kwenye viatu vyangu na kwenye pindo la sketi, nikaurudisha mle shimoni. Haukuwa wangu wa kuondoka nao. Yule bibi alinitazama mpaka nikamaliza, akatikisa kichwa kukubali.

Maporomoko hatukuyaona. Muda ulikuwa umekwisha. Tulikula tumesimama chini ya mgomba, mvua ikitulowesha, na kijana mmoja wa darasa letu akasema, "Kwa hiyo tumetoka Dar es Salaam kuja kuona mashimo." Mwingine akasema, "Mashimo ya kwao Mbinga, yaheshimu." Wawili watatu wakacheka. Sikuwalaumu, maana wameyasubiri maporomoko hayo tangu muhula uliopita. Zaituni akawaambia wanyamaze au atakula kababu zao, na akala moja kweli.

Tukishuka, Mwalimu Shukuru alitembea karibu nami. Nilimwomba radhi kwa kumpotosha. Aliniambia ukurasa aliouandika hataufuta, kwa sababu yote niliyoyasema kuhusu ngolo yalikuwa sahihi, mahali tu ndipo palipokuwa si penyewe. Sijui kama alisema hivyo kunifariji. Nilikuwa nimeikaza sana ile fimbo mkononi kwa utelezi, nikashusha macho nikaona kidole gumba na kile cha kati vimekutana. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Kwenye treni wote walilala. Mimi nilikaa nikafikiri, na haya ndiyo niliyoyafikiri.

Bibi huwa anapenda kusimulia Mama alivyoletwa kutoka ziwani hajui kushika jembe la kwetu. Mwaka wa kwanza ngolo zake zote zilibomoka kwa mvua moja, na Bibi akawaambia majirani, "Huyu anachimba kama anayetafuta mihogo." Bibi usikasirike nikilikumbusha, wewe mwenyewe ndiye unayelisimulia kila Krismasi. Na unamalizia kila mara kwamba miaka mitano baadaye wanawake wa upande wetu walikuwa wanakuja kutazama mistari yake kabla ya kuanza ya kwao.

Siku moja tulipokuwa tunapalilia, nilimuuliza Mama kama analikumbuka ziwa. Ilikuwa siku safi, na kule juu kabisa ya shamba tuliliona, mstari mwembamba kama uzi. Alisimama akaliangalia muda mrefu. Akasema, "Nalikumbuka. Lakini ziwa nililikuta lipo. Hizi nimezitengeneza."

Baba, kile kipande cha juu alikiacha nusu. Unakumbuka ulikuwa umeshalaza majani yote, naye akachimba mpaka katikati ndipo homa ikamshika. Nusu ya pili haikuchimbwa. Majani yako yameozea palepale, na tangu hapo hakuna aliyelima huko. Nimesoma barua yako tena na tena, na unasema vigingi vya barabara vimepita chini. Kipande cha juu hakikuguswa.

Basi jibu langu ni hili. Mama azikwe kule juu, kwenye mpaka wa nusu aliyoichimba na nusu aliyoiacha. Asiende parokiani, ingawa Katekista amesema kwa nia njema. Kwa wajomba naomba usiwajibu kwa ukali. Waite waje, Mjomba mkubwa ndiye aongoze sala ya kwanza, na umpeleke mwenyewe mahali pale siku ukungu ukiondoka, aone kwamba dada yake atakuwa analitazama ziwa. Mwambie pia yale maneno ya Mama. Kama bado atakataa, mwambie ni mimi niliyesema, anikasirikie mimi. Najua huenda akakaa miaka bila kuja kwetu. Nimelifikiria hilo, na linaniumiza, kwa sababu ndiye mwenye sura ya Mama kuliko watu wote.

Ombi la pili ndilo kubwa. Nenda kwa wenye barabara, uwaulize siku. Usikubali kuambiwa tu "wiki fulani". Waombe wasubiri mpaka shule zifunge Desemba. Wakikataa, nijulishe, nitaomba ruhusa, na Mwalimu Shukuru ameahidi kuniandikia barua. Kasiani naye awepo, asipelekwe kwa jirani kama mlivyofanya mara ile. Alikuwa mdogo, lakini mpaka leo huwa ananiuliza kwenye simu Mama alivaa nini. Sitaki tukiwa wakubwa tuambiwe kwamba yupo. Nitashika ndoo.

Najua kaburi huchimbwa na wanaume, na sitaliingilia hilo. Najua pia kwamba Desemba si wakati wa kuchimba ngolo. Lakini nusu ile naweza kuifyeka na kuona kama mistari yako bado inaonekana chini ya magugu, halafu Machi, kama Shangazi ataniruhusu siku chache, niimalizie. Kama hataniruhusu, basi Machi ya mwaka utakaofuata. Udongo utanisubiri. Sijui kama zangu hazitabomoka kwa mvua moja. Bibi aandae maneno yake.

Barua hii nitampa mama mmoja wa jumuiya yetu anayesafiri kwenda Mbinga keshokutwa. Ukiipata usipige simu, niandikie mstari mmoja tu wenye siku yake.

Nisalimie Mjomba mkubwa wa Kihagara hata kabla hujamweleza lolote. Nisalimie Katekista wetu, na Mama mdogo wa Maguu anayekuja kuwapikia siku za Jumamosi, na yule mzee mwenye gari lililokwama, ambaye Shangazi anasema bado hapiti mbele ya nyumba yetu. Mwambie apite. Na Kasiani mwambie Mama alivaa gauni la bluu la Pasaka, na kitambaa cheupe.

Jambo moja la mwisho. Jembe la Mama bado limechomekwa juu ya mlango wa jikoni? Aliniambia litakuwa langu siku vidole vyangu vitakapokutana kuuzunguka mpini. Bibi ameshasema mara nyingi mpini ule ni mnene, uchongwe au ubadilishwe. Tafadhali usibadilishwe. Jana nimevipima vidole kwenye ile fimbo ya Mwalimu, nene kama mpini ule, na vimekutana.

Mwanao anayekupenda na anayesubiri siku hiyo,
Kresensia